Maumbile Hayapeleki Posa

Wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali na sina nia ya kuipaza. Kuna maneno yameenea mitaani kwetu. Yalianzia kwenye simu, yakahamia vijiweni, na sasa yameingia mpaka kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa ambalo mimi ni mjumbe wake. Mwanamume anakaa mbele yetu na kusema kwamba mwanamke kaumbwa kufuata fedha, sayansi imeshathibitisha. Huyo huyo anasema yeye kaumbwa asitosheke na mke mmoja, na hilo nalo sayansi imelithibitisha. Binti akisikia hivyo anajibu kwamba kama ndiyo hivyo, basi atachuna mpaka abakize mifupa. Maneno haya nimeyajibu mara nyingi, na kila nikiyajibu yanarudi yaleyale. Leo nitayajibu polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha baiolojia enzi za kusimama ubaoni kutwa.

Kwanza niwape haki yenu. Elimu mnayoitaja ipo kweli, na walioifanya ni watu makini. Inaitwa saikolojia ya mageuko: inauliza kwa nini binadamu humpenda huyu na kumpita yule, na inatafuta jibu katika historia ndefu ya viumbe. Mimi ni mtu wa msikiti na Muumba wangu namjua, lakini mtu akiniletea jambo alilolipima, namsikiliza. Ninachowaomba ni kwamba nanyi msikilize mpaka mwisho, kwa sababu mnanukuu ukurasa mmoja wa kitabu chenye kurasa nyingi.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, aliona kwamba baadhi ya maumbo ya viumbe hayawasaidii kuishi. Mkia wa tausi dume ni mzigo kwake, lakini anao kwa sababu majike humchagua kwa mkia huo. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Robert Trivers alieleza sababu. Mzazi anayebeba mzigo mkubwa zaidi wa mtoto, alisema, huwa mgumu zaidi kuchagua. Mwenye mzigo mwepesi ndiye hushindana na wenzake ili achaguliwe. Kwa binadamu mama hubeba mimba miezi tisa, kisha hunyonyesha miaka miwili au zaidi, ilhali baba anaweza kumaliza sehemu yake usiku mmoja. Hapo ndipo watafiti walipobashiri kwamba mwanamke atamtazama zaidi mwanamume mwenye uwezo wa kulisha, na mwanamume atatazama zaidi dalili za ujana na afya ya kuzaa.

Angalieni vizuri kanuni hiyo inasema nini. Inazungumzia mzigo wa malezi, na mzigo unaweza kuwa upande wowote. Katika maziwa yetu kuna ndege mdogo mwenye vidole virefu, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba ni nchi kavu. Kwa ndege huyo dume ndiye anayeatamia mayai, na hatari ikitokea huwabeba makinda chini ya mbawa zake. Jike ni mkubwa kuliko dume, hupigana na majike wenzake, na huwa na waume kadhaa. Ni kanuni ileile ya Trivers, ila mzigo umehama. Na binadamu je? Kwa wanyama wengi wanyonyeshao, dume hana habari na watoto wake. Mwanamume ni miongoni mwa madume wachache wanaolea, na kwa hesabu hiyohiyo ya Trivers, anayelea naye huchagua kwa makini. Kwa hiyo anayesema kwamba maumbile ya mwanamume ni kutawanya tu ameisoma nusu ya kwanza ya kanuni.

Sasa tufike kwenye utafiti ambao ndio mama wa maneno yote ya vijiweni. Mwaka 1989 David Buss alichapisha matokeo ya watu 10,047, makundi 37 kutoka nchi 33, walioulizwa wanataka nini kwa mwenza. Kutoka Afrika zilikuwamo Nigeria, Zambia na Afrika Kusini. Hakuna Mtanzania wala Mkenya aliyeulizwa, na sehemu kubwa ya walioulizwa duniani kote walikuwa watu wa mijini na wenye shule. Katika makundi yote 37 wanaume walitaka mke mdogo kwao kwa umri, na wanawake walitaka mume aliyewazidi. Katika makundi 36 wanawake walitilia uzito zaidi kipato cha mwenza kuliko walivyofanya wanaume. Wanaume nao, kwa jumla, walitilia uzito zaidi sura.

Huo ndio ukurasa mnaounukuu, na ni wa kweli.

Geuzeni sasa ukurasa wa pili. Watu hao hao, kwenye fomu zilezile, waliweka nini juu kabisa? Kupendana kwa pande zote mbili, tabia ya kuaminika, na utulivu wa hasira. Walipopewa orodha nyingine waipange kwa daraja, upole na uelewa ulikuwa wa kwanza na akili ya pili, kwa wanawake na kwa wanaume vilevile. Fedha na uzuri vilikuja chini ya hayo. Tofauti ya mwanamke na mwanamume ilionekana katika mambo ya chini ya orodha, na hata hapo ilikuwa tofauti ya wastani: wako wanawake tele waliotazama sura kuliko wanaume wengi, na wanaume tele waliotazama kipato. Nimesikiliza sauti nyingi zinazotoka kwenye simu zenu. Sijasikia hata moja ikitaja upole, wakati ndio uliokaa juu ya orodha.

Kuna jambo jingine humo ndani. Ubikira ndio sifa iliyotofautiana kuliko zote kati ya nchi na nchi. Kule China uliwekwa juu sana, kule Sweden ulionekana kana kwamba hauna maana yoyote. Kama maumbile peke yake ndiyo yangekuwa yanazungumza, Mchina na Msweden wangejibu sawa.

Lakini mnaweza kuniambia kwamba hao ni watu wa chuo, wanajaza fomu kwa kalamu. Vema. Basi twendeni Ziwa Eyasi, kwa ndugu zetu Wahadzabe, ambao watafiti wa dunia nzima wamewafuata kwa sababu baadhi yao bado wanaishi kwa uwindaji, asali, matunda pori na mizizi. Niseme kabla sijaendelea: hao si watu wa kale waliosahauliwa na wakati. Ni Watanzania wa leo, wanaojua bei ya sukari Mang'ola na wanaogombea ardhi yao na wafugaji na wakulima. Ila maisha yao yanaweza kutuambia ndoa inakuwaje pale ambapo hakuna mshahara, shamba wala akaunti ya benki.

Frank Marlowe, Mmarekani, alikaa nao kwa vipindi vingi na mwaka 2010 akatoa kitabu kizima juu yao. Aliwauliza wanataka mwenza wa namna gani. Wanawake walitaja mwanamume hodari wa kuwinda, kama ambavyo mngetarajia, na wanaume walitaja uwezo wa kuzaa kuliko wanawake walivyoutaja. Tabia njema ilitajwa na wote. Mwaka 2009 yeye na Rebecca Sear walichunguza urefu, maana Ulaya na Marekani ni nadra mke kumzidi mume kimo, na watu walikwisha kusema ni sheria ya binadamu wote. Kwa Wahadzabe waligundua kwamba ndoa ambazo mke ni mrefu kuliko mume zipo kwa kiasi kilekile ambacho kingepatikana kama watu wangeoana bila kujali kimo kabisa. Jambo lililodhaniwa ni la damu lilikwama kwenye vichaka vya Eyasi.

Utafiti wa Wahadzabe ninaoupenda kuliko wote ni ule wa sauti. Mwaka 2007 Coren Apicella na wenzake waliwarekodi Wahadzabe wakitamka neno moja tu la Kiswahili: hujambo. Kisha wakapima uzito wa sauti ya kila mwanamume na kuulinganisha na idadi ya watoto aliozaa. Wenye sauti nzito walikuwa wamezaa watoto wengi zaidi. Habari hiyo ilizunguka dunia, na kijana yeyote wa kijiweni angeisikia angeanza kukaza koo. Ila watafiti walipima na jambo la pili: vifo vya watoto. Hapo sauti haikusaidia kitu. Watoto wa wenye sauti nzito hawakuwa na nafuu ya kuishi kuliko wa wenye sauti nyembamba. Sauti ilimpatia mtu watoto. Kuwavusha watoto hao ilikuwa kazi ya kitu kingine.

Kitu gani? Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa katika kambi za Wahadzabe tangu miaka ya 1980, wakipima nani analeta chakula na mtoto yupi ananenepa. Walikuta kwamba nyama ya mnyama mkubwa hugawanywa kambi nzima, kwa hiyo mke wa mwindaji hodari hapati sana kuliko jirani yake. Wakawakuta bibi vizee, wenye vijiti vya kuchimbia mizizi, wakifanya kazi saa nyingi kuliko wanawake vijana. Mama anapokuwa na mtoto mchanga, uzito wa mtoto aliyetangulia ulikwenda na kazi ya bibi yake. Kutokana na vizee hao wa Eyasi ndipo lilipokuja wazo, ambalo sasa linajadiliwa katika vyuo vikuu vingi, kwamba binadamu mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu jasho lake liliwaokoa wajukuu.

Naye baba hakuwa wa bure. Marlowe alipopima chakula ambacho wanaume huleta nyumbani, aliona kwamba mwanamume mwenye mtoto mchanga huleta zaidi, wakati uleule ambao mkewe, kwa sababu ya kunyonyesha, huleta pungufu. Mnaona? Mwanamume wa porini, asiye na kadhi wala mkataba, anajua mkewe ameelemewa na anaongeza mwendo. Hayo nayo ni maumbile yenu. Kwa nini hamyataji mnapotaja maumbile?

Nirudi kwenye fedha, maana naona wengine mnasubiri hapo. Monique Borgerhoff Mulder alifanya utafiti kwa Wakipsigis wa Abosi, kusini magharibi mwa Kenya, na mwaka 1990 akaandika kwamba katika miaka ya kuhamia eneo lile, wanaume waliokuwa na ardhi kubwa ya kumpa mke ndio waliopata wake. Wa kijiweni atasema: si nilikwambia? Mimi namuuliza: mwanamke yule angepata wapi shamba lingine? Hakurithi kwa baba yake. Kipande alichokatiwa na mume ndicho alicholimia chakula cha watoto wake wote, maisha yake yote. Kuchagua shamba kulikuwa kuchagua sahani ya mtoto.

Mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizichukua takwimu zilezile za Buss wakazipanga upya, wakakuta kwamba katika nchi ambako wanawake wana nguvu zaidi ya kiuchumi na kisiasa, tofauti hizi za matakwa hupungua. Sitaki kuwadanganya kwamba zinakwisha. Mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti, Kathryn Walter akiwa wa kwanza kwenye orodha, walirudia kazi hii kwa watu 14,399 wa nchi 45, na tofauti zilionekana tena, ingawa pengo la umri lilikuwa dogo pale penye usawa zaidi. Kwa hiyo maumbile yapo na mazingira yapo. Lakini Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mimi nimekaa kwenye vikao vya mirathi. Wewe unayelalamika kwamba wanawake wanatazama mfuko, baba yenu alipofariki dada yako alipewa ekari ngapi? Kama hakupewa, basi mfuko wa mume ndio mliomwachia autazame.

Nanyi mabinti, sijawasahau. Mnapoambizana kwamba wanaume wote ni mbwa, wachuneni mapema kabla hawajawaacha, mnafanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Mwanamume mpole na mwaminifu akipita mbele yenu mtamwita zoba. Mtakuwa mmempita yule ambaye wanawake wa makundi 37 walimweka juu.

Sasa nifike panaponiuma. Kuna wanaume wa umri wangu, na wa umri wa wanangu, wanaowafuata wanafunzi. Zamani redio iliwapa jina la mafataki. Siku hizi wamejipatia na msomi wa kuwatetea. Wanasema mwanamume kaumbwa kupenda kijana. Nimewaeleza kuwa wanaume wa Buss walitaka mke mdogo kwao. Sikuwaambia mdogo kwa kiasi gani: kwa wastani wa miaka 2.66, na umri wa mke waliyemtaka ulikuwa karibu na 25. Zambia ndiko pengo lilikuwa kubwa kuliko kote, na lilikuwa miaka saba na ushee. Hakuna mahali popote katika kazi ile ambapo mtu wa miaka 45 anapewa ruhusa ya msichana wa kidato cha pili.

Na baiolojia yenyewe inamkataa. Nyonga ya msichana wa miaka kumi na minne haijakomaa. Akishika mimba, mtoto anaweza kukwama njiani siku nzima au mbili, na msichana akiponea huweza kubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, na aliyempa mimba hayupo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani; Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia mwaka 2019. Mwaka huohuo 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi akapangiwa kifungo cha miaka 30. Njaa ni maumbile, wanangu, na sijapata kuona hakimu akimwachia mwizi wa mkate wa mtoto kwa sababu tumbo lilinguruma. Tamaa inaeleza kilichomsogeza mtu. Alichokifanya ni chake.

Limebaki jambo moja, ambalo nalijua zaidi kwa kukaa barazani kuliko kwa kusoma. Sheria hiyohiyo ya 1971 inawataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, ndiyo maana nawaona. Kijana mmoja alikuja na simu mkononi, akaiweka mezani, akatusikilizisha mtu akieleza kwa nini mwanamke humdharau mwanamume asiye na kipato kikubwa. Mkewe alikuja na daftari dogo la shule. Tukalifungua. Mistari yake ilikuwa unga, sabuni, luku, nauli ya mtoto, na pembeni mwa siku fulani fulani ameandika: hakupokea simu. Tulimuuliza anadai nini. Alisema anataka kujua mumewe yuko wapi usiku unapoingia, na mshahara ukipungua aambiwe umepungua ili ajue kupika kwa hesabu. Kiasi cha mshahara hakukitaja hata mara moja, na daftari lilionyesha kuwa nyumba ilikuwa inaendeshwa na kidogo sana.

Wanasayansi wanakubaliana na daftari lile. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, waliwauliza vijana wanataka mwenza wa aina gani, kisha wakawakutanisha ana kwa ana kwa dakika chache chache. Waliyosema kwenye karatasi hayakubashiri waliyevutiwa naye. Na mwaka 2020 Samantha Joel na wenzake walikusanya tafiti 43 zenye jozi 11,196 za wapenzi, wakaitafuta kwa kompyuta siri ya mahusiano yanayoridhisha. Sifa ambazo mwenza alikuja nazo zilisema machache. Kilichosema mengi ni yale yaliyokuwa kati yao: kama mtu anaona mwenzake amejifunga naye kweli, kama anaona anathaminiwa.

Kwa hiyo aliyeoa aanze na simu ya mkewe, aipokee. Na ambaye bado hajaoa, nitamweleza tulivyokuwa tukifanya sisi washenga kabla posa haijapelekwa. Hatukupima kimo wala sauti. Tulikwenda mtaa anaokaa kijana, tukaingia dukani anakokopa, tukauliza: akikopa hulipa bila kufuatwa? Akikasirika, nani nyumbani kwao hupata taabu? Mama yake alipolazwa, alilala hospitali nani? Kwa binti tuliuliza hayohayo, na wazee wa upande wa pili walituuliza hayohayo. Kati yenu mwenye kutaka nimpelekee posa ajue kwamba nitaanzia dukani, na kwamba nitahitaji siku kadhaa, maana miguu yangu si ile ya zamani.